Fifi, mama akikupigia simu

Lubumbashi, Katuba
Jumapili usiku

Fifi wangu,

Jambo sana. Watoto hawajambo? Na mguu wa mama mkwe? Sisi huku tuzima, isipokuwa umeme, na hiyo si habari tena. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, utanigombeza tukionana. Leo ninakimbizana na mama: atakupigia simu, pengine kesho asubuhi, nami nataka unisome kabla hujamsikia.

Atakuomba umwendee mjomba wako wa Dilala, hapo kwenu Kolwezi, kwa ajili ya ndugu yangu Serge. Nakuomba ukatae.

Ngoja, usianze kucheka. Serge amemaliza Polytechnique hapa Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, ni injinia kamili, ingawa soksi zake bado anafuliwa na mama. Aliomba kazi kwenye mgodi mmoja huko kwenu, jina tuliache. Mtihani akafaulu. Kisha wakampa fishi ya kujaza: mkoa wa asili, teritwari, sekta, kijiji. Unaijua, tumeijaza tangu shule ya msingi bila kuuliza ni ya nini. Akaandika Lomami, ambayo zamani ilikuwa Kasai, Kabinda, na kijiji cha babu. Yule wa ofisini akaisoma, akamwambia kwa upole kabisa, "Kijana, hapa tunaanza na wana wa nyumbani." Hawajampigia tena.

Nyumbani kwake ni wapi basi? Babu aliletwa na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, akiwa kijana, akazikwa Likasi. Baba alizaliwa Likasi. Kile kijiji baba alikiona mara moja tu, mwaka 1993, walipofukuzwa Kolwezi pamoja na watu wengi wa Kasai. Unakumbuka alivyokuwa akisimulia: kulala stesheni juu ya magodoro, treni hadi Mwene-Ditu, halafu lori. Alipofika hakumjua mtu, na huko nako wakamwita Mkatanga! Akarudi. Serge akazaliwa Kolwezi, hapo Manika, nyumba ya tatu kutoka kwenu. Wewe umembeba mgongoni.

Sasa mpango wa mama: mjomba wako, kwa kuwa anakaa kwenye kamati inayopeleka majina mgodini, atie sahihi kwamba Serge ni mtoto wa dada yake. Yaani Serge ageuke Mlunda, mtu wa kabila la mjomba, kwa alasiri moja. Mama anasema kila mtu anafanya hivyo, na sina la kumjibu, maana ni kweli.

Lakini fikiri. Mtoto wa yule mama anayeuza makaa kando ya mgodi, ambaye shamba lao limechimbwa, je, yumo kwenye orodha ya mjomba? Ulinieleza mwenyewe kwamba hayumo. Huyo ana haki, mimi sibishi. Hata sheria ya madini ya 2018 inataka kampuni zitoe angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wa pale. Nami ningefurahi wangesema, tunaanza na wanaoishi hapa na kumeza vumbi hili. Serge amelimeza miaka mingi. Ila wao hawaulizi unaishi wapi, wanauliza babu yako alitoka wapi, na wakishajibiwa wanauliza nani amekutuma. Mwishoni wana wa nyumbani ni watoto wa wanaokaa kwenye kamati.

Na si Wakasai peke yao. Shemeji yako wa Kamina, tulikuwa wote Wakatanga hadi 2015, walipokata mkoa vipande vinne. Leo akifika Kolwezi ni mtu wa Haut-Lomami, mgeni. Wakikata tena, hata wewe utaulizwa karatasi.

Nilimwonyesha Patrick katiba, ibara ya 13: hakuna Mkongomani wa kubaguliwa kwa kabila wala kwa asili ya familia yake, iwe shuleni, iwe kwenye kazi za serikali, iwe kwa jambo lingine lolote. Unajua wanasheria. Akasema soma vizuri, inataja ubaguzi unaotoka kwenye sheria au serikalini, mgodi utakuambia haikuhusu. Nikamletea sheria ya kazi ya 2002, inayokataza kumfukuza mtu kwa sababu ya kabila lake. Akacheka mpaka munkoyo ikampalia: Serge atafukuzwaje naye hajaajiriwa?

Serge mwenyewe hasemi mengi. Aliniambia tu kwamba akiingia kwa jina la mjomba, atakuwa mpwa wa mjomba hadi siku watakapogombana. Anataka kuwaandikia aombe kuonyeshwa alama za mtihani, zake na za waliochukuliwa. Mama anaona amerukwa na akili.

Basi niambie: mjomba ameshasikia habari hii kwa mtu mwingine? Atakasirika ukimwambia tumekataa, au atashukuru kupunguziwa jina moja? Mkaguzi wa kazi huko Kolwezi anapokea barua za watu kama sisi, au ziende kwa mkono wa mtu? Na wale wengine waliofaulu siku ile, yule binti wa kutoka Kasaji, unaweza kumpata? Wakiandika wawili ni afadhali kuliko mmoja. Mama akilia kwenye simu utafanyaje? Mwambie mjomba amesafiri. Hapana, usimdanganye, atampigia mwenyewe, namba anayo.

Nijibu hata usiku, simu nitaichaji kwa jirani.

Wako,
Kapinga