Shukrani kwa kaka aliyeniuliza "umepima nini?"
Kaka, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Naandika nikitumaini utapita usome.

Amplifaya ya gari ilikuwa imekata sauti, taa nyekundu inawaka. Nilishafungua mfuniko, chuma cha solda kimeshapata moto. Ukasimama, ukauliza swali moja tu: "Umepima nini?" Sikuwa nimepima chochote.

Ukatoa mita yako ya kupimia umeme. Betri volti 12.6, kwenye amplifaya vilevile. Ukachomoa nyaya zote za spika na za sauti, ukaniambia niwashe. Taa ikageuka kijani! Kumbe amplifaya ilikuwa nzima, inajilinda tu. Ukapima kila waya wa spika na bodi ya gari, mmoja ukaifanya mita ilie, ishara kwamba unagusana na bodi. Tukaufuata hadi kwenye bawaba ya mlango: ngozi imechubuka, shaba inagusa chuma. Ukakata, ukaunga, ukazungusha tepu, ukaurudisha ndani ya mpira wake.

Ulinieleza pia kwamba kama taa ingebaki nyekundu nyaya zikiwa nje, huenda transista (vipande vya ndani vinavyokuza sauti) zimeungua, na kubadilisha moja bila kujua kilichoiunguza ni kuchoma nyingine. Hapo ungenituma kwa fundi. (Niliumia kidogo, maana nilishajiona fundi.)

Malipo ukayakataa. Nanyi wenye mita kwenye gari, mkimkuta mtu ameinamia amplifaya na chuma cha moto mkononi, msimpite. Mwulizeni amepima nini.