Nikipasuliwa koo, nitaongea tena?

Kwenye kliniki yetu ndogo ya mazoezi ya kuongea hapa Nairobi, anayeuliza swali hili mara nyingi ni mke au binti. Mgonjwa mwenyewe amekaa kando, skafu shingoni, sauti imekauka. Nasi huuliza: daktari amesema atatoa nini hasa?

Maana upasuaji wa saratani ya koo si wa aina moja. Uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo kwenye uzi wa sauti, vifaa hupitishwa mdomoni na hukatwa kwa leza bila kupasua shingo. Sauti hubaki, ingawa huweza kuwa na mikwaruzo. Ikitolewa sehemu tu ya koromeo, yaani kiungo cha sauti kilicho kooni, kazi kubwa huwa kumeza: chai hupotea njia ikaelekea kwenye mapafu, na mtu mzima hujifunza upya kunywa maji. Wapo pia wanaotibiwa kwa mionzi bila kisu, kwa hiyo uliza kabla ya kutia sahihi.

Koromeo zima likitolewa, bomba la hewa hushonwa kwenye tundu chini ya shingo, na hapo ndipo utakapopumulia maisha yako yote. Hewa haipiti tena puani, hivyo usishangae sufuria ikiungua nawe husikii harufu. Vumbi la stejini nalo halina cha kulichuja. Funika tundu kwa kichujio chake au kitambaa chepesi. Kuogelea, sahau. Na waambie wa nyumbani: ukizimia, pumzi ya kukuokoa hupulizwa shingoni, si mdomoni.

Kuongea kunawezekana. Kuna vali ndogo ya silikoni kati ya bomba la hewa na umio, yaani njia ya chakula: unaziba tundu kwa kidole, unaongea. Wengi huipenda, ila huchakaa na kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo jua bei ya ya pili kabla ya kuwekewa ya kwanza. Kuna kifaa cha betri cha kubana shingoni; watoto watacheka sauti yake, kisha watazoea. Na kuna kuongea kwa hewa unayoishusha kwenye umio na kuirudisha kama mbweu. Hakuna cha kununua, lakini mazoezi yake ni ya miezi.

Tunaomba uje kabla ya upasuaji, si baada. Kikao cha kwanza tunakurekodi kwenye simu yako ukiita majina ya watu wa nyumbani kwako.