Kamera ya gari isiyoandika spidi iliniacha njiani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dereva wa semi, Dar es Salaam hadi Tunduma, mwaka wa 19 sasa. Naomba nafasi niwaambie madereva wenzangu: kamera ya kwenye kioo isiyoandika spidi na mahali ulipo, msiitegemee siku ya ajali.

Mwaka jana, nikiwa nimeiacha Mikumi naelekea Ruaha Mbuyuni, gari dogo liliniovateki, likaingia mbele yangu na kupiga breki. Nikaligonga nyuma. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Nilikuwa na kamera, nikajua nimepona. Video ilionyesha kila kitu: namba za gari, taa za breki, hata utingo wangu anasikika akisema "huyu vipi?" Lakini mwenye gari dogo alishikilia neno moja tu, kwamba lori lilikuwa mbio. Tukaitazama video watu sita kwenye simu, kila mmoja akaona spidi yake. Lenzi za kamera hizi ni pana. Miti ya kando ikipita pembeni mwa picha, gari linaonekana kama linapaa. Nilikuwa kwenye 60. Ningethibitishaje? Picha ilikuwa na tarehe na saa tu, na saa yenyewe sikuwahi kuirekebisha tangu ninunue. Ajali ilitokea saa tisa alasiri, video ikasoma saa sita mchana. Mkaguzi wa bima akaniuliza kama kweli ni ya siku ile. Madai yalichukua miezi mitano, na tajiri akanikata posho ya safari mbili.

Sasa ninayo yenye jipiesi, yaani inayosoma spidi na mahali kwa setilaiti. Chini ya picha, kushoto, kuna maandishi meupe: 48 KM/H, na pembeni yake S 7°24′ E 36°59′. Ziingize namba hizo kwenye ramani ya simu, zitakupeleka Mikumi mjini. Hapo hakuna wa kubishana naye.

Ila kifaa hiki lazima ukijue. Dashibodi yangu ikisoma 80, kamera husema 76 au 77. Nilidhani ni mbovu. Kumbe watengenezaji wa magari huuacha mshale usome juu kidogo ya mwendo halisi, ili usije ukasoma chini yake. Pia jipiesi huchelewa. Ukikanyaga breki ghafla, namba hubaki juu kwa kama sekunde nzima, na kwa mwendo wa 80 sekunde moja ni mita 22. Anayekagua video aanze kutazama mbali kabla ya kishindo. Kwenye kona za Kitonga, mlima ukiziba anga, namba huweza kuganda. Na saa ya setilaiti ni ya Greenwich, usisahau kuongeza saa tatu.

Kariakoo muuzaji atakwambia "ina kila kitu, kaka". Mwombe muitoe nje ya duka, maana chini ya paa haipati setilaiti, kisha mpande nayo bodaboda mpaka mwisho wa mtaa. Namba isipobadilika, mrudishie.

Wapo vijana wanaochukua rekodi ya safari kwenye simu na kuibandika juu ya video baadaye kwa kompyuta. Kazi nzuri, lakini faili la mwanzo msilifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa namna hii mahakamani, ila huangaliwa ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Na memori kadi ikijaa, kamera hufuta video za zamani yenyewe. Ajali ikitokea, chomoa kadi hapohapo.

Kampuni za bima nazo nawaomba mtutangazie mapema ni video ya aina gani mnaikubali, saa iwekwe vipi na tuilete kwa njia gani, badala ya kutuambia siku tunapokuja na gari limebondeka.

Dereva wa masafa marefu,
Mbagala, Dar es Salaam