Maji ya Dada Zena

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Salamu kwa Mama na wote hapo Ngamiani. Mimi mzima, baridi tu.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Laki nne za mganga situmi. Ingekuwa bati la jikoni ningetuma leo. Lakini pesa yangu ikamtaje Bi Saumu kuwa ndiye aliyemjaza Dada Zena maji tumboni? Hapana. Tangu msiba mnampita mlangoni bila salamu, mama wa watu aliyetulea!

Mnanitania huku naosha chupa. Naosha kweli, Jumatatu. Siku nyingine kazi yangu hapa maabara ni kuchunguza saratani hiyo hiyo iliyomchukua Zena, ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke. Yale mafuta ya mbuzi kama wavu, ambayo Idi tunafungia maini, nasi tunayo, yametanda mbele ya utumbo. Seli za saratani zikishabanduka huelea tumboni, na mara nyingi hutua hapo. Si bahati mbaya: mafuta hutoa kemikali, mojawapo interleukini-8, na seli huzifuata kama nzi na shombo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilionyesha hilo mwaka 2011. Walipoizuia kemikali hiyo, seli zilizofika zikapungua. Na yale maji? Seli zenyewe hutoa kemikali inayolegeza mishipa ya damu, ikavuja. Basi. Bi Saumu yuko wapi hapo?

Nimeona kwa macho yangu. Kikombe kidogo kuliko kisoda, kitako chake kina matundu yasiyofika hata sehemu moja ya mia ya milimita. Juu seli za saratani, chini mafuta. Kesho yake nikatia rangi ya zambarau: zimepenya, zimejaa kitako kizima! Kikombe kisichowekewa mafuta, za kuhesabika. Picha yangu profesa ameibandika mlangoni kwake. Mlango wa profesa, kaka, si wa stoo.

Jioni nikabaki naitazama. Nikamkumbuka Zena anavyolegeza kanga kila wiki, nasi tunamtania ana mimba. Na mimi nilitania, kwa simu.

Ya bati nitatuma Ijumaa. Toa humo sukari kilo mbili, umpelekee Bi Saumu wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Na machungwa ya Muheza yakianza, usinitumie picha tena.

Mdogo wako,
Mwanaidi