Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka kwa Wafuga Nyuki wa Majumbani

Ndugu wanachama,

Nianze na kosa langu, maana najua mmeshalizungumza pembeni. Kalenda moja ya kukagua na kurina tuliyowagawia wote Januari niliiandika mimi, kwa mazoea ya Tabora nilikokulia. Kule msimu mkubwa wa kurina huangukia Mei hadi Julai, mvua zikishakatika.

Tanga, Mei masika bado inamwaga. Waliofuata kalenda walikata masega ambayo nyuki hawajayafunika. Nilifungua ndoo moja mwenyewe: kifuniko kiliruka, povu likafuata, na harufu ilikuwa ya togwa lililochacha. Asali ikizidi asilimia 20 ya maji haikai. Kwa wa pwani, basi, tazameni sega, tarehe iacheni. Robo tatu ya vyumba viwe vimefunikwa nta ndipo mkate. Na ndoo isiachwe wazi, asali hunyonya unyevu wa hewani.

Lushoto walifungua mizinga asubuhi ya ukungu, mwezi Juni. Majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye sega, yanataka joto la nyuzi 34 au 35, na nyuki ndio blanketi lao. Ukiwatawanya kwa moshi wakati wa baridi, yanakufa. Sisi wengine hufungua jioni ili majirani wasiumwe. Kule jioni nayo ni baridi, kwa hiyo tumekubaliana alasiri, jua likiwapo, na jirani aarifiwe mapema.

Dodoma adui ni jua. Mwenzetu mmoja aliweka mzinga juu ya bati la banda la kuku. Oktoba sega jipya lililojaa asali lilikatika likaanguka chini, nyuki wakahama siku hiyo hiyo. Sasa mzinga uko chini ya mwarobaini, na pembeni kuna beseni la maji lenye vijiti vya kutua. Nyuki hupoza mzinga kwa maji na kwa kupepea mabawa. Wakiyakosa kwako watayafuata bombani kwa jirani, na kesi nyingi za mwaka huu zimeanzia hapo.

Kuna pia mbuzi aliyefungwa karibu na mizinga akafa. Tumemlipa mwenyewe, Mweka Hazina atatoa hesabu. Kamati inashauri wenye viwanja vidogo wafuge nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo, ila bei yake ni nzuri. Wazee wa mizinga ya magogo watanicheka, na wanicheke.

Aliyeazima bomba la chama la kufukizia nyuki moshi alirudishe, hata kama limetoboka.

Kalenda mpya sitaiandika peke yangu. Kila kanda ilete tarehe za miti yake kuchanua. Lushoto wameshaleta zao kwenye daftari la shule, na wamechora safu ya siku za ukungu, jambo ambalo mimi nisingeliwaza.