Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu madaktari wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka mnazijua: semina, kuwapokea madaktari wanagenzi na kuwafariji wenzetu waliofiwa. Hesabu atawasomea mweka hazina.

Ninalopaswa kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kamati kukataa pendekezo kwamba tuiombe kaunti itulipe kwa idadi ya wagonjwa badala ya mshahara. Imesemwa kwamba niliuzima mjadala, nami nakanusha kabisa. Wenye hoja hiyo waliitaja Marekani, ambako tangu mwaka 1992 Medicare, yaani bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, humlipa daktari kwa kila huduma kwa kufuata jedwali linalopima kazi yenyewe, gharama za kliniki na bima ya kesi za uzembe; lakini madaktari wa familia huko wamelalamika miaka mingi kwamba jedwali hilo huthamini upasuaji na vipimo kuliko muda wa kumsikiliza mgonjwa. Nchini Uingereza, daktari wa hospitali ya umma hupokea mshahara, ilhali kliniki za madaktari wa familia hupata sehemu kubwa ya fedha kwa idadi ya watu waliojiandikisha kwao, wawe wagonjwa au wazima. Kwetu Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya taifa, huilipa hospitali, si daktari. Malipo hayo yakichelewa, anayelipwa kwa idadi ya wagonjwa atalisha familia yake kwa nini?

Mshahara wetu una mhimili, nao ni mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 kati ya chama cha madaktari na serikali, uliopatikana baada ya mgomo wa siku 100. Serikali ilipotaka kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400, ni mkataba huo tulioushika katika mgomo wa siku 56 mwaka 2024, na Desemba ya mwaka huo serikali ikaukubali. Kila mmoja wetu angekuwa na bei yake, tungedai kwa hati ipi? Hoja hii niliiandika mwenyewe na kuisambaza kwa wanachama wote kabla ya kura.

Inasikitisha kwamba mkutano wa kwanza kuhusu suala hili ulikosa akidi, na wengi wanaolaumu leo hawakufika hata katika wa pili. Zaidi ya nusu ya wanachama hawajalipa ada, ilhali wakili anayetutetea hadai kidogo.

Mwaka ujao tunatumaini kuzungumza na kaunti kuhusu kupandishwa vyeo na, panapo majaliwa, kupata ofisi yetu wenyewe.

Mwenyekiti