Bima ya mtoto ianzie kliniki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo naona halipewi uzito wake kila inapojadiliwa bima ya afya ya watoto, nalo ni wakati anapoandikishwa mtoto.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanzisha Toto Afya Kadi mwaka 2016, mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka na mtoto wake wa chini ya miaka 18 akatibiwa. Bei ilikuwa nafuu, lakini kujiunga kulikuwa kwa hiari na kwa mtoto mmojammoja, hivyo wazazi wengi walikwenda kukata kadi baada ya mtoto kuugua, na alipopona hawakuihuisha. Mfuko ukabaki na wagonjwa wengi na wazima wachache wa kuwachangia. Mwezi Machi 2023 utaratibu huo ulisitishwa, watoto wakatakiwa kuandikishwa kwa makundi kupitia shuleni.

Siwalaumu wazazi hao. Anayeishi kwa kipato cha siku hulipia kwanza kinachouma leo, na utaratibu wenyewe ulimruhusu kusubiri. Ila suluhisho hilo la shule lilinisumbua, kwani mtoto wa miezi minane hana shule, na mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anayelazwa mara kwa mara ni rahisi kukatiza masomo. Ni kweli sera inataka watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure katika vituo vya umma, lakini mzazi anayeambiwa dawa hakuna, akanunue nje, anajua msamaha huo unaishia wapi.

Mtoto wa Tanzania hufika kliniki kwa ratiba inayojulikana: chanjo ya kifua kikuu anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela akiwa na miezi 9 na miezi 18. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) iliiona faida hiyo mapema, maana tangu mwaka 2013, ikianzia Mbeya, imekuwa ikisajili vizazi vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Kwa nini anayemsajili mtoto apate cheti cha kuzaliwa asimwandikishe bima hapohapo, akiwa bado mzima? Nchini Marekani, mtoto anayezaliwa na mama aliyemo katika mpango wa umma wa Medicaid huwa mwanachama tangu siku anayozaliwa hadi atimize mwaka mmoja, bila mzazi kuomba upya.

Kwa kuwa Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, naiomba Wizara ya Afya iweke utaratibu huu katika utekelezaji wake. Mtoto anayeandikishwa ndani ya miezi mitatu ya kuzaliwa asiwekewe muda wowote wa kusubiri huduma, na mzazi aruhusiwe kulipa kwa awamu kwa simu, akikumbushwa kabla kadi haijaisha muda. Wale ambao tayari wanaumwa wasifungiwe mlango. Gharama zao zibebwe na ruzuku ya serikali badala ya kupandisha mchango wa wote, kwa sababu mchango ukipanda, wazazi wa watoto wazima ndio watakaojitoa kwanza.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro